Chupa ya Saba Kutoka Bondeni

4 Februari

Mpwa wangu,

Salamu zikufikie, wewe na mama yako, dada yangu. Sisi huku ni wazima. Goti la mkaza-mjomba wako humsumbua kila asubuhi hadi saa tatu, kisha husahau. Paa la jikoni nimelibadilisha. Mwambie mama yako kwamba kile kiti chake cha zamani bado kipo na hakuna anayekikalia bila ruhusa.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Shule imepewa eneo la bondeni, chini ya josho langu la zamani. Wanataka kulima bustani ya mboga ya watoto na kuchimba kisima katikati yake. Mafundi wa kisima watakuja Agosti. Kikaoni mtu mmoja akauliza kama sumu tuliyokuwa tukiwaogeshea ng'ombe haijateremka huko. Mwenyekiti akanigeukia: "Bwana Josho, wewe ndiye uliyelilinda miaka thelathini na mmoja. Sema." Nikajibu kwamba jambo linalopimika mimi silisemi kwa mdomo. Nina mpwa ambaye kazi yake ni kupima aseniki iliyomo udongoni, na si kuipima tu, bali kuzitenga aina zake moja moja. Wakageuka wote kunitazama. Nilifurahi walivyonitazama.

Nimekutumia pakiti sita: tatu za juu, kando ya birika la josho, na tatu za bondeni. Sikukutumia matope kama mtu asiyefunzwa. Udongo nimeuanika juani siku tatu juu ya shuka safi, nikautwanga kwa kinu kipya, nikauchekecha mara mbili kwa chekecheo la unga, nikaufunga kwa karatasi na kuandika namba kwa wino. Mkaza-mjomba wako akasema, "Hata unga wangu hujawahi kunichekechea hivyo." Nikamwambia unga hauendi maabara.

Ni mimi, mjomba wako.


27 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mpe shikamoo mkaza-mjomba, na goti lake pole. Mama alipokea habari za kiti kwa kicheko kirefu. Amesema siku akija atakikalia juma zima. Mimi ni mzima. Tumehamia chumba kipya chenye madirisha mawili, na mashine yetu imewekwa kati yake kama bibi harusi: hakuna anayeisogelea bila kunawa.

Pakiti zako zilipita mikononi mwa kila mtu hapa kwa sababu ya mwandiko. Nami nikasema kwa sauti kubwa, "Huyo ni mjomba wangu."

Nikueleze tunavyofanya, maana najua utaulizwa. Aseniki si moja. Kuna tunayoiita ya Tatu na tunayoiita ya Tano, kwa jinsi kila moja ilivyoungana na oksijeni. Kuna nyingine mbili ambazo vijidudu vya udongoni vimezigeuza, nazo ni dhaifu zaidi. Ya Tatu ndiyo kali, na hutembea na maji. Ya Tano hushikwa na udongo mwekundu, haiondoki upesi. Ukipima jumla tu, utajua wageni waliomo nyumbani ni wangapi, lakini hutajua mwizi ni yupi. Kwa hiyo tunaukamua udongo kwa asidi hafifu, kisha maji yake tunayasukuma ndani ya mrija mwembamba. Mrija huo ni kama kile kichochoro cha josho lako: ng'ombe huingia wakisukumana, hutoka mmoja mmoja, nawe unahesabu mlangoni. Ya Tatu haishikwi na kitu, hutoka dakika ya pili. Ya Tano hung'ang'ania, hutoka ya mwisho.

Udongo wa juu una sumu nyingi, kama tulivyotarajia. Pazungushiwe uzio. Wa bondeni una kidogo, miligramu thelathini na kitu kwa kilo, na karibu yote ni ya Tano. Imetulia ilipo. Watandaze udongo mpya juu yake kabla ya kupanda. Kisima wanaweza kuchimba.

Jambo moja limebaki. Fomu yetu ina swali: siku josho lilipofungwa, dawa iliyobaki birikani ilikwenda wapi?

Mpwa wako.


15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na uishi sana. Goti limepata nafuu. Mbuzi mmoja amezaa mapacha, wote madume, kwa hiyo furaha yetu ni ya kiasi.

Barua yako niliisoma mbele ya kikao nikiwa nimesimama. Nilipofika pale pa kichochoro, wazee waliopeleka ng'ombe kwangu walicheka wakapiga meza. Mwenyekiti akasema, "Kumbe maabara ni josho!" Nikamwambia, "Josho ndilo lilikuwa maabara, ila hamkujua kuheshimu." Mwalimu Mkuu, mama mkali asiyecheka ovyo, aliomba kunakili ukurasa mzima. Sasa nikipita njiani naitwa Mjomba wa Mpimaji. Jina la Bwana Josho limestaafu.

Kuhusu swali la fomu: daftari la josho lipo, halikukosa siku hata moja.

Mvua mwaka huu imechelewa.

Mjomba wako.


2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Mama anasema madume mawili si msiba.

Barua hii naiandika kwa uzito. Naomba usiisome kikaoni kabla hujaisoma peke yako.

Mkuu wa maabara yetu, tunayemwita Mama Mizani, hupitia kila hesabu kabla haijawekwa muhuri. Alizishika karatasi zako, akaniuliza, "Huu wa bondeni, mahali pakoje?"

"Pana matete, mama."

"Penye matete pana maji. Mbona umekuja mkavu kama poda?"

Nikamwambia mjomba wangu ni mtu msafi sana.

"Basi usafi wake umetudanganya," akasema. "Na wewe umekubali kudanganywa kwa sababu ni mjomba."

Ni kweli, mjomba. Udongo wa majimaji ukianikwa juani na kupata hewa, aseniki ya Tatu hugeuka kuwa ya Tano. Jumla haibadiliki, aina ndiyo hubadilika. Mwizi alifika kwetu amevaa nguo za mgeni, nami nikampisha. Kosa si lako. Ni mimi niliyepaswa kukataa pakiti zile siku nilipozifungua, nami sikukataa kwa sababu nilikuwa nikijivuna nazo. Mambo ya bondeni niliyokuandikia Februari nayafuta yote. Kisima kisichimbwe hadi tupime upya.

Nakutumia sanduku la baridi lenye chupa nane za kioo cheusi: tatu za juu, tatu za bondeni, mbili za akiba. Chimba palepale penye maji. Jaza matope hadi shingoni, hewa isibaki, funga mara moja, weka kwenye barafu. Usikaushe. Usichekeche. Usiguse jani wala mzizi uliomo. Naomba pia nakala ya ukurasa wa siku ya mwisho katika daftari la josho.

Mpwa wako.


20 Aprili

Mpwa wangu,

Barua imefika. Sisi ni wazima. Mama yako asalimiwe.

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna ng'ombe aliyetoka kwenye josho langu na kupe. Wakaguzi walikuwa wakileta watu kutoka mbali waje kuona sakafu yangu. Leo naambiwa kwamba nimeharibu udongo kwa kuusafisha.

Sanduku nalo limefika. Lipo chini ya kitanda.

Mjomba wako.


8 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nilimsomea mama barua yako. Akasema: "Andika hivi, neno kwa neno. Kaka, chini ya kitanda si maabara." Nimeandika.

Langu ni fupi. Watoto wa shule ile watakunywa maji ya kisima hicho wakiamini mkono wangu, nami niliuamini mkono wako. Naendelea kuuamini. Sitamtuma mtu mwingine kuchukua udongo huo.

Mpwa wako.


1 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Tupo. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, bondeni maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Mkaza-mjomba wako alinishikia sanduku, licha ya goti lake, akikataa kurudi nyumbani.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Sikukausha. Sikuchekecha. Chupa ya kwanza niliimwaga nikaijaza tena, maana niliona kiputo cha hewa. Matope yalinuka vibaya, na nimeyatuma na harufu yake. Chupa sita ulizoomba zimeandikwa hatua kutoka ukuta wa birika. Barafu nimeipata kwa wauza samaki, nayo barafu hiyo ikazaa kesi kwenye kituo cha basi. Kondakta akaniuliza, "Mzee, ni samaki?"

"Ni udongo."

"Udongo kwenye barafu?"

"Ndiyo. Na barafu ikiisha kabla ya kufika, nitakutafuta wewe, si basi."

Aliliweka sanduku chini ya miguu yake mwenyewe.

Chupa ni saba. Uliomba sita.

Mjomba wako.


14 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama ni mzima. Ameanza kuuliza nauli ya kuja kwenu, kwa hiyo kiandaeni kiti.

Sanduku lilifika barafu ikiwa bado na kona zake. Kondakta alilileta hadi mlangoni mwetu kwa mikono yake, akataka nitie sahihi kwamba barafu haikuyeyuka. Mama Mizani alizifungua chupa ndani ya kasha lisilo na hewa, akatazama shingo ya kila moja. Akasema, "Huyu mtu ametusikia." Kwake hiyo ni hotuba.

Sasa majibu. Chupa za juu ziko vilevile. Chupa za bondeni, ya nne hadi ya sita, jumla yake ni ileile ya Februari, lakini zaidi ya nusu ni ya Tatu. Mstari kwenye kioo cha mashine ulipanda dakika ya pili, mbele ya macho yangu.

Chupa ya saba ina miligramu mia nne na kumi kwa kilo. Karibu yote ni ya Tatu. Nimeirudia mara tatu.

Mjomba, sumu nyingi hivyo haikufika huko kwa kuchuruzika na mvua. Umeziandikia hatua chupa zote isipokuwa hiyo. Haina mahali. Nami siwezi kumwandikia Mwenyekiti ripoti yenye chupa isiyo na mahali, wala siwezi kuiacha nje ya ripoti. Mama Mizani ananiuliza kila asubuhi, nami namwambia jibu lipo njiani.

Sikulazimishi. Ila nangoja.

Mpwa wako.


2 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi ni wazima kwa miili. Nakujibu sasa, na naomba usinikatize hata moyoni hadi nimalize.

Chupa ya saba ni hatua mia moja na arubaini kutoka ukuta wa birika, moja kwa moja chini ya koki ya kutolea maji, katikati ya matete. Hapo hasa ndipo wanapotaka kuchimba kisima.

Mwaka wa mwisho ilikuja amri: dawa iliyobaki ifukiwe kwenye shimo huku juu, lizibwe kwa saruji. Vibarua walikuwa wameshaachishwa kazi. Nilichimba peke yangu siku mbili, nikagonga mwamba. Siku ya tatu mkaguzi alikuwa anakuja kuchukua funguo. Sikuwahi kukutwa na kazi nusu, na sikutaka kukutwa nayo siku ya mwisho. Nikafungua koki. Dawa iliteremka mateteni kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Kisha nikaliosha birika hadi likang'aa, na daftarini nikaandika neno moja: Imefukiwa. Mkaguzi alipitisha kidole ukutani, akakitazama, akaniandikia barua ya sifa. Imetundikwa sebuleni. Unaijua.

Mashimo ya Februari niliyachagua pembeni. Nilitaka mashine yako iniambie kwamba sikukosa. Nawe uliponiambia hivyo, nililala vizuri mwezi mzima. Ndiyo maana barua yako ya Aprili iliniuma. Mara mbili nimesafisha, na mara zote mbili nilikuwa naficha. Ya pili sikujua. Ya kwanza nilijua.

Jana niliomba nafasi kikaoni. Nilikwenda na daftari. Niliwasomea neno langu la mwisho, kisha nikawaambia si kweli, kisha nikawaambia kilichotokea. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi sikuvuliwa, nilijivua, na sikuchutama. Mwenyekiti aliuliza polepole, "Bwana Josho, miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Mtu wa nyuma akatupa neno: "Na ile sakafu tuliyokuwa tukiletwa kuiona!" Wakacheka wachache. Nikawaacha wacheke; ilikuwa haki yao. Mwalimu Mkuu hakucheka. Aliuliza kama kuna mtoto aliyewahi kunywa maji ya bondeni. Nikamwambia kwa ninavyojua hapana, hata mbuzi hawayapendi, lakini wazazi waulizwe na watoto wapimwe. Akatikisa kichwa kukubali, akaandika.

Kisha mkaza-mjomba wako, ambaye sikujua kama amekuja, akasimama kwa tabu na kusema: "Watoto wanahitaji bustani. Shamba letu la nyuma ya nyumba liko upande wa pili wa kilima. Lipimwe. Likiwa safi, ni lao." Sikuwa nimezungumza naye jambo hilo. Nilipofungua mdomo akanitazama, nikaufunga.

Neno la zamani daftarini nimelikata kwa mstari mmoja, lisomeke bado, na chini yake nimeandika ukweli, tarehe na sahihi. Nakala ni hii. Barua ya sifa nimeishusha ukutani. Msumari umebaki, mkaza-mjomba wako anasema tutaona cha kutundika.

Nakutumia chupa ya nane, ya shamba letu. Imeandikwa mahali.

Mjomba wako.


24 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama amepata tiketi. Atafika Jumamosi na sanduku kubwa kuliko la barafu. Barua hii anaibeba yeye, kwa hiyo ukiisoma atakuwa amekaa kitini pake.

Nianze na chupa ya nane. Niliipitisha mwenyewe, nikakaa mbele ya kioo tangu mwanzo. Dakika ya pili ilikuja ikapita, mstari umelala kama maji ya mtungi. Mwishoni kabisa palitokea kilima kidogo cha ya Tano, kiasi ambacho hata udongo usiowahi kuguswa na mtu huwa nacho. Watoto walime. Mwambie mkaza-mjomba ameshinda.

Bondeni pazungushiwe uzio pamoja na josho, na pasichimbwe kitu. Ripoti nimeiandikia kikao, imepigwa muhuri, imo ndani ya bahasha ya kahawia. Mafundi wa kisima wamepewa mahali papya, juu ya shamba lenu, nasi tutayapima maji yake kabla mtu hajayaonja.

Mama Mizani aliisoma barua yako ya Julai, kwa ruhusa yangu. Naomba radhi kama nimekosa. Aliikunja vizuri akanirudishia. Kisha akachukua maelekezo yetu ya kuchukua sampuli, ambayo tumeyabandika ukutani miaka mingi, akayashusha, akaagiza niyaandike upya kwa lugha ya mtu wa kawaida. Akasema nimwandikie mtu msafi. Nimeandika nikikuona wewe umesimama matopeni na kiputo kimoja cha hewa. Nakala moja imo ndani ya bahasha. Mkaza-mjomba akipenda, msumari ule upo.

Penye fomu panapouliza aliyechukua sampuli, nimeandika: Mlinzi wa josho, mjomba wa mpimaji. Na lile swali la dawa iliyobaki birikani, lililokaa wazi tangu Februari, nimelijibu kwa maneno yako mwenyewe, kama yalivyo, bila kuyasafisha.

Mpwa wako.